Mikono Iliyobaki Ukutani

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Kutoka 31:1-11, Yohana 10:11-16)



Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi habari ya picha katika nyumba ya Mungu. Twajua ya kuwa jambo hili si jepesi miongoni mwetu Waprotestanti. Tangu utoto tumefundishwa Amri Kumi, na wengi wetu tulipoingia kanisani mara ya kwanza tuliona kuta nyeupe, Meza ya Bwana, msalaba wa mbao, na basi. Hata hivyo, Mungu yule yule aliyewakataza Waisraeli kujifanyia sanamu na kuisujudia, katika somo letu la kwanza anamwita fundi mmoja kwa jina lake, Bezaleli, anamjaza Roho wake, na kumpa akili ya kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Amri imo katika sura ya 20, na fundi yumo katika sura ya 31, kitabu ni kimoja. Wengi wetu tumeishika sura ya 20 kwa nguvu, lakini ile ya 31 tumeipita mbio.

Na tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Katika parishi moja tuliyohudumu zamani, nyuma ya Meza ya Bwana palikuwa na picha ya Mchungaji Mwema. Iliwekwa pale na mwalimu mmoja wa shule ya misheni, kwa rangi za kawaida za dukani. Haikuwa kazi ya fundi mkuu, maana kondoo wengine walifanana na mbuzi. Kanisa lilipotengenezwa upya, halmashauri ya parishi iliamua picha ile ifutwe. Wengine walisema imechakaa, na wengine wakasema ni sanamu. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tulinyamaza, kwa kuwa hatukutaka ugomvi wakati wa harambee. Siku ya Jumamosi fundi alipaka rangi ya maziwa mara mbili, picha ikatoweka.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja mzee alitungoja mlangoni. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mchungaji, yule kondoo wangu mmempeleka wapi?" Mama huyo hakujua kusoma. Habari za Yohana sura ya 10 alizishika kwa macho, kwa kuutazama ukuta ule miaka mingi, naye alikuwa amejichagulia kondoo mmoja aliyebaki nyuma ya wenzake, akasema moyoni mwake kwamba huyo ndiye yeye. Hatukuwa na jibu. Swali lile lilitufanya tufungue tena vitabu vya historia ya Kanisa tulivyovifunga baada ya mtihani. Haya tutakayowaeleza leo tuliyapata humo, kwa maana sisi wenyewe hatujafika nchi hizo kwa miguu yetu.

Huko Italia, upande wa mashariki, karibu na bahari ya Adriatiki, uko mji uitwao Ravenna. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia baraza lake huko, kwa kuwa mji ulizungukwa na maji na mabwawa, na adui hakuweza kuufikia kwa urahisi. Kwa muda wa miaka mia moja na hamsini hivi iliyofuata, yalijengwa katika mji huo makanisa ambayo hata leo yamejaa picha za namna ya pekee, ziitwazo mozaiki. Mafundi wa Roma ndio walioanza, na baadaye mji ulipotawaliwa na makaisari wa Konstantinopoli, sanaa ya dola ile ya mashariki, iitwayo Bizanti, ikashamiri humo. Majengo manane ya mji huo yaliingizwa mwaka 1996 katika orodha ya urithi wa dunia.

Mozaiki hazipakwi kwa brashi. Fundi hutandaza lipu ya chokaa ukutani, huchora mstari wa picha juu yake, kisha huchomeka vipande vidogo vya kioo na mawe, kimoja kimoja, kabla lipu haijakauka. Kwa hiyo hutandaza sehemu ile tu atakayoweza kuimaliza. Vioo hivyo hupata rangi kwa kutiwa madini, kama vile shaba na kobalti, wakati vinapoyeyushwa motoni. Vipande vya dhahabu vina ufundi wake: karatasi nyembamba mno ya dhahabu huwekwa juu ya kioo, kisha hufunikwa kwa kioo kingine chembamba, ili isikwaruzike. Tena fundi hakuvilaza vipande vyote sawasawa kama vigae vya sakafuni. Aliviinamisha kidogo, hiki huku na hiki kule, ili mwanga wa dirisha au wa taa ukipita, ukuta mzima umetemete. Mtu akipiga hatua moja, picha nayo hubadilika machoni pake. Ndiyo sababu picha hizi hazionekani vema katika kitabu. Zilifanywa kwa ajili ya watu waliosimama katika ibada, wakienda na kurudi, huku taa zikitikisika.

Jengo la kwanza ni dogo, lenye umbo la msalaba, nalo huitwa kaburi la Galla Placidia. Huyo alikuwa dada yake Kaisari Honorius, akafa huko Roma mwaka 450. Kwa nje jengo ni matofali matupu, hata mpita njia angedhani ni ghala. Ndani, dari ni ya buluu iliyokolea kama usiku wa kiangazi, imejaa nyota za dhahabu, na katikati yake uko msalaba. Ukigeuka kuutazama ukuta ulio juu ya mlango ulioingilia, unamwona Mchungaji Mwema. Ni kijana asiye na ndevu, ameketi juu ya mwamba. Mkono mmoja umeshika msalaba mrefu badala ya fimbo ya mchungaji, na mwingine amemnyoshea kondoo mmoja, anamgusa mdomoni. Kondoo ni sita, watatu huku na watatu huku, na wote wamemgeuzia nyuso zao. Amevaa mavazi ya dhahabu na zambarau kama mfalme, lakini anafanya kazi ya mchungaji. Tulipoiona picha hiyo kitabuni, tulimkumbuka yule mama na kondoo wake. Yule mwalimu wa misheni hakupata kusikia habari za Ravenna, walakini yeye na fundi yule wa kale walihubiri somo moja.

Sasa twende kwenye jengo la pili, ambalo habari yake ni nzito zaidi. Mwaka 493 mji ulitwaliwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi. Wagothi walikuwa Wakristo, lakini walifuata mafundisho ya Ario, yaani hawakumkiri Mwana kuwa sawa na Baba. Basi Ravenna ukawa mji wa makanisa mawili. Wakatoliki walikuwa na nyumba yao ya ubatizo, nao Waario wakajenga ya kwao. Nyumba zote mbili zipo hata leo. Ukiingia katika mojawapo na kuinua macho, utaona katikati ya dari Yesu amesimama katika mto Yordani, Yohana akimbatiza, njiwa juu yake, na mitume kumi na wawili wamewazunguka. Ukiingia katika ile nyingine, utaona Yesu amesimama katika mto Yordani, Yohana akimbatiza, njiwa juu yake, na mitume kumi na wawili wamewazunguka. Watu hawa hawakushiriki Meza moja, lakini juu ya kichwa cha mtoto aliyebatizwa, upande huu na upande ule, palikuwa na picha ile ile. Hatusemi kwamba tofauti yao ilikuwa ndogo. Sisi twakiri Imani ya Nikea kila tunaposhiriki Meza ya Bwana, wala hatuoni haya kuikiri. Lakini twajiuliza: katika miji yetu, ambamo makanisa matano hujengwa katika barabara moja na waumini wake hawasalimiani, ni nani amepata kuinua macho?

Theodoric alijenga pia kanisa kubwa karibu na jumba lake, linaloitwa leo Sant'Apollinare Nuovo. Juu kabisa ya kuta zake, karibu na dari, ziko picha 26 za maisha ya Bwana wetu, 13 kila upande. Upande mmoja ni miujiza na mifano: mwenye kupooza, mikate na samaki, mjane na senti zake mbili, Farisayo na mtoza ushuru. Upande wa pili ni habari za mateso na ufufuo. Tena liko jambo la kushangaza: kusulubishwa kwenyewe hakukuwekwa. Picha moja yamwonyesha Bwana akipelekwa Golgotha, na inayofuata ni wanawake kaburini pamoja na malaika. Wakristo wa siku zile waliuonyesha msalaba zaidi kama alama ya ushindi, umejaa vito, kuliko kama mti wa mateso.

Chini ya picha hizo, ukutani upande wa kusini, limechorwa jumba la mfalme, lenye nguzo na matao, na neno la Kilatini lenye maana ya jumba la kifalme limeandikwa juu yake. Katika matao hayo walisimama watu. Wanahistoria hudhani ni Theodoric mwenyewe na wakuu wake. Lakini mwaka 540 majeshi ya Kaisari Justinian yaliutwaa mji, na makanisa ya Waario yakatiwa mikononi mwa Wakatoliki. Askofu Mkuu Agnellus akaliweka wakfu upya kanisa lile, akaamuru wale watu waondolewe ukutani. Mafundi walibomoa miili yao, na mahali pao wakaweka mapazia meupe yaliyofungwa kati ya nguzo. Pembeni, kwa urefu wa ukuta, wakatengeneza maandamano ya mashahidi 26 wenye kuchukua taji zao, wakimwendea Kristo, na upande wa pili mabikira 22 pamoja na mamajusi, wakimwendea Mtoto aliyepakatwa na mamaye. Kazi hiyo ni nzuri mno, wala hatuwezi kukana uzuri wake.

Lakini mafundi hawakumaliza kufuta. Baadhi ya wale watu walikuwa wamenyosha mikono iliyopita mbele ya nguzo, na mafundi, kwa haraka au kwa kutotaka kuharibu nguzo, waliiacha. Hata leo, ukitazama vizuri, utaona vidole na viganja juu ya nguzo zile, mikono isiyo na mwenyewe, karibu na mapazia. Yapata miaka 1,460 imepita, nayo ingali pale.

Wapenzi, tulipojifunza habari ya mikono hiyo, tulinyamaza kwa muda. Waliofuta walikuwa na imani iliyo sahihi, kwa kadiri Kanisa lilivyoikiri. Hata hivyo kuwa sahihi hakukuwafundisha namna ya kuwatendea walioshindwa. Mwenye nguvu akipata brashi mkononi, ni rahisi kwake kudhani kwamba kumfuta mtu ukutani ni sawa na kuikomesha habari yake. Mungu hasahau hivyo. Naam, katika historia ya parishi zetu wamo watu tuliowafuta: mwinjilisti ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jiwe la msingi, akina mama waliobeba maji ya ujenzi, mzee aliyetoka kanisani baada ya ugomvi na asitajwe tena. Mikono yao ingali juu ya nguzo zetu.

Iko hatari nyingine, iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni ya kujiweka wenyewe ukutani. Katika kanisa la Mtakatifu Vitalis, lililowekwa wakfu mwaka 547 katika mji ule ule, karibu kabisa na Meza ya Bwana wako Kaisari Justinian na mkewe Theodora. Kaisari amechukua sahani ya mkate, na mkewe amechukua kikombe, wote wawili wana duara la nuru kuzunguka vichwa vyao. Mavazi na vito vyao vinang'aa kuliko vya watumishi wao. Wala hawakupata kufika Ravenna hata mara moja! Ilikuwa namna ya kuwaambia wenyeji ni nani anayewatawala. Lakini msanifu wa kanisa lile alijua mpaka. Juu yao, darini, yuko Mwana-Kondoo ambaye taji yake inashikwa na malaika wanne. Kuta za karibu zina Abeli akileta mwana-kondoo wake, Melkizedeki na mkate wake, na Ibrahimu akiwahudumia wageni watatu. Aliyeketi nyuma ya Meza, juu ya tufe la buluu, ni Kristo, na Kaisari amewekwa chini yake. Wachungaji wenzetu, tukumbuke jambo hili tunapopewa kiti cha mbele, au bamba la shaba lenye majina yetu.

Basi, je, wale waliozipinga picha walikosea kabisa? La. Walikuwa na hofu ya haki. Karibu na mwaka 600, Serenus, askofu wa Marseille huko Ufaransa, aliona watu wake wakiziabudu picha za kanisani, akazivunja. Gregori, askofu wa Roma, alimwandikia barua kwamba alitenda vema kukataza zisiabudiwe, lakini hakutenda vema kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma huzisoma ukutani habari ambazo wengine huzisoma kitabuni. Kuanzia mwaka 726, Kaisari Leo wa Tatu wa Konstantinopoli alizipiga vita picha katika dola yake, na ugomvi ukaendelea, kwa vipindi viwili, hata mwaka 843. Watu walifungwa na kuteswa kwa ajili yake. Katika mji huo, uitwao leo Istanbul, lipo kanisa la kale la Amani Takatifu, lililojengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 740. Nyuma ya mahali pa Meza hakuna mtu aliyechorwa, ila msalaba mmoja mkubwa juu ya dhahabu tupu. Nao pia ni mzuri, na unahubiri. Asiyetaka picha za watu na asidharauliwe.

Sisi Waanglikana tumerithi pande zote mbili. Baada ya mwaka 1547, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, kuta za makanisa ya Uingereza zilipakwa chokaa na picha nyingi zikapotea. Ibara ya 22 katika zile Ibara 39 inakataa ibada ya sanamu, nasi twaikubali. Hata hivyo katika miaka ya 1890 Waingereza hao hao waliweka mozaiki katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, wakiviinamisha vipande kama mafundi wa Bizanti. Na hapa kwetu Kenya, katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka wafia dini wa siku za Hatari, msanii Elimo Njau alichora mwaka 1959 picha tano kubwa za maisha ya Bwana. Ndani yake Kristo ni Mwafrika, na nchi anayoishi ni mabonde na vilima vya huku kwetu. Aliye na nafasi na aende akaitazame kazi hiyo. Hana haja ya kuvuka bahari.

Tuseme nini basi? Picha ya kanisani si ya kupigiwa magoti, wala si pambo tu la kujaza ukuta. Ni shahidi. Kama shahidi yeyote, yapasa ipimwe kwa Neno: je, yatupeleka kwa Kristo, ama yatuzuia njiani? Ikituzuia, na iondolewe kwa utaratibu na kwa machozi. Ikitupeleka, na itunzwe, hata kama kondoo wake wafanana na mbuzi. Na kabla halmashauri haijaamua, waulizwe wale wasiosema katika mikutano, kwa maana huenda mmoja wao anaishi kwa picha ile.

Yule mama amekwisha kututangulia mbele za Bwana. Ukuta ule ungali na rangi ya maziwa. Picha hatuwezi kuirudisha, kwa kuwa fundi aliikwangua kwanza kabla ya kupaka. Lakini twaamini ya kuwa Mchungaji Mwema hakumpoteza kondoo aliyekuwa nyuma ya wenzake, na kwamba yale aliyoyaona kwa rangi za dukani sasa anayaona uso kwa uso.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli Roho wako, ubariki kazi ya mafundi katika nyumba yako. Utulinde tusiabudu kazi ya mikono yetu. Utusamehe kwa ajili ya wale tuliowafuta, na utufundishe kuuliza kabla hatujapaka. Kwa Yesu Kristo, Mchungaji wa kondoo wote. Amina.